Kiu Nyumbani kwa Fundi Bomba

Mume wangu ni fundi bomba, na mtaani wanamwita Kavu. Jina hilo alijipa mwenyewe bila kukusudia. Kila akiitwa kwenye nyumba yenye ukuta unaovuja jasho, huweka mfuko wa spana chini, hupapasa rangi iliyovimba, hunusa, kisha humwambia mwenye nyumba, "Nikitoka hapa, kavu." Na kweli akitoka huacha pakavu. Miaka zaidi ya thelathini amekuwa akifukuzana na unyevu kama askari anavyofukuzana na wezi. Anaweza kusimama sebuleni kwa watu, akatazama doa moja tu kwenye dari, akakwambia ni kiungo gani cha bomba kimelegea na ni fundi gani asiye na akili aliyekifunga. Mafundi wenzake wote, kwa maoni yake, hawana akili.

Namsema hivi kwa sababu ni mume wangu na nina haki ya kumsema. Lakini kisa hiki si cha kumsema yeye. Waliokisikia wanamcheka Kavu, fundi bomba aliyemnyima mnyama maji, na mimi nimekaa muda mrefu nikiwaacha wamcheke. Leo nakieleza chote pamoja na sehemu yangu, ambayo ndiyo mbaya zaidi.

Kitinda mimba wetu ni binti, anafanya kazi kwenye maabara ya chuo. Chuo kilipofunga chumba chake cha wanyama, wenzake waligawana sungura, yeye akaja nyumbani na kenge, kibali kikiwa kimegongwa muhuri ili nisipate pa kuanzia ugomvi. Alikuwa kenge wa nchi kavu, rangi ya udongo, mrefu kuliko mkono wangu ukihesabu na mkia. Hakuwa mkali. Kazi yake ilikuwa kulala chini ya taa ya joto, kifua kimeinuka, akitutazama mmoja mmoja kama anayesubiri akidi itimie ili aahirishe kikao. Mume wangu akamwita Mwenyekiti, na jina likashika.

Mimi sikumpenda. Nashona sare za shule, na cherehani yangu iko sebuleni, mkabala na kizimba chake. Kizimba chenyewe kilikuwa cha mbao na kioo, kirefu kama kitanda, kimejaa udongo wa kufika magotini. Udongo huo binti aliunyunyizia maji kila asubuhi, na kenge alichimba humo akalala kama mwenye nyumba. Pembeni palikuwa na beseni kubwa ambalo aliingia mwili mzima, akanywa, na akishakunywa akanya humo humo. Kila siku mtu alipaswa kumwaga, kusugua na kujaza upya. Wateja wangu walikuja kupimwa wakaishia kuziba pua. Mama mmoja aliniambia, "Dada, unashona vizuri, lakini hapa kwako panatisha," na hakurudi tena.

Basi binti akapata mafunzo ya miezi saba, mbali. Siku ya kuondoka alimkabidhi baba yake karatasi nne alizoandika kwa mkono, pande zote mbili. Mume wangu alizipokea, akazikunja, akazitia mfuko wa shati bila kuzitupia jicho.

"Baba, usome hasa ile sehemu ya maji," binti alimwambia.

"Maji?" Kavu alijipiga kifua. "Mwanangu, utanifundisha mimi maji?"

Tulicheka wote watatu. Siku mbili baadaye nilipokuwa nafua, nilizitoa karatasi hizo kwenye mfuko wa shati. Nilikaa kwenye cherehani nikazisoma kuanzia mstari wa kwanza mpaka wa mwisho. Binti anaandika vizuri, anaeleza kama anaongea. Aliandika kwamba udongo usiachwe ukakauka hata siku moja, kwa sababu kenge hupoteza maji kila akipumua, na shimo lenye unyevu ndilo linalomhifadhia. Anaweza kuwa na maji pembeni yake na bado akakauka, kama hewa anayovuta ni kavu. Aliandika kuwa kenge hunywa kwa kuzamisha mdomo, kwa hiyo beseni liwe pana. Tumpe mayai mabichi na panzi, vyenye maji yake. Tufinye ngozi ya shingo taratibu: ikirudi mara moja, sawa, ikibaki imekunjamana, ana kiu. Choo chake kina sehemu nyeupe laini, na ikigeuka ya njano na kuwa ngumu kama chaki, tukimbilie kwa daktari.

Nilizitia karatasi kwenye droo ya cherehani, chini ya makopo ya vifungo. Mume wangu hakuziulizia hata mara moja, na mimi sikumkumbusha.

Mwezi wa kwanza ulipita salama. Kavu alimwaga beseni kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, akinung'unika, lakini alimwaga. Mwezi wa pili akaona doa. Lilikuwa kwenye ukuta wa sebule nyuma ya kizimba, dogo kama kiganja, na rangi yake ilikuwa imeanza kubanduka. Nyumbani kwa Kavu! Alisimama mbele ya doa lile uso umemshuka, utadhani amefumaniwa. "Mama watoto," akaniambia, "huu udongo mbichi unaiozesha nyumba. Hata huyu mnyama ataota ukungu." Nilijua la kusema, maana nilikuwa nimelisoma. Nikamjibu, "Wewe ndiye fundi."

Maneno hayo matatu nimeyakumbuka mara nyingi tangu siku ile.

Alitoa udongo wote, ndoo kumi na nane. Alipaka saruji, akapanga vigae vyeupe vyenye mteremko mdogo kuelekea kwenye tundu la kutolea uchafu. Beseni nalo likaondoka, na mahali pake akafunga zile chuchu za chuma wanazowekewa kuku, ambazo ndege akizigonga kwa mdomo hutoa tone. Bomba jembamba lilitoka jikoni, likapita nyuma ya kabati langu, likaingia kizimbani. Lilikuwa limenyooka kama rula. Kazi ilikuwa nzuri, siwezi kumnyima sifa yake. Harufu iliisha siku ile ile. Aliwaleta mafundi wenzake, wale wasio na akili, akawaonyesha. "Maji safi, mchana na usiku," aliwaambia, "na sakafu kavu." Wakatikisa vichwa kwa heshima.

Mwenyekiti hakujua chuchu ni kitu gani. Atajuaje? Yeye si kuku. Aliizunguka sakafu ile nyeupe akikwaruza kwa kucha mahali alipozoea kuchimba, kigae kikitoa sauti iliyonifanya nikanyage cherehani kwa nguvu ili nisiisikie. Ila moja ya zile chuchu ilikuwa ikivuja kidogo, tone baada ya tone, na chini yake palikuwa na kidimbwi cha ukubwa wa kijiko. Kenge aligundua. Alikuwa akilala hapo mdomo umegusa kigae, anangoja tone, analamba, anangoja tena. Aliishi hivyo wiki tano au sita. Nilikuwa namwona kila nikiinua macho kutoka kwenye pindo la sketi.

Halafu Kavu naye akaona kidimbwi. Fundi bomba na kitu kinachovuja, ugomvi wao hauna suluhu. Alichomoa ile chuchu, akazungushia tepu nyeupe kwenye nyuzi zake, akaikaza kwa spana, akapangusa kigae kwa kitambaa mpaka kikang'aa. "Kavu," akasema, akanigeukia apate kusifiwa. Nami nikamsifu.

Kama ningekuwa sijui, ningekuwa na amani leo. Nilijua kwamba amefunga maji ya mwisho ya mnyama yule. Na bado siku ile ile nilimaliza mayai ya kenge kwa kuwakaangia wageni, nikaanza kumpa dagaa wakavu, kwa sababu hawanuki sana na hawahitaji kuvunjwa. Sikutaka afe. Nilitaka adhoofu kidogo, aonekane hafai kukaa ndani ya nyumba, binti achoke naye ampeleke kwingine. Hayo ndiyo niliyojiambia, na mtu akijidanganya mwenyewe hana wa kumsuta.

Asubuhi moja nilimtoa kizimbani ili nipige deki humo. Nilipomaliza nikaendelea na sebule, nikirudi nyuma na kitambaa changu chenye maji ya sabuni. Nilipogeuka, alikuwa ananifuata. Alikuwa analamba sakafu nilikopita, ulimi wake wa panda ukitoka na kuingia, akiburuza tumbo, mnyama ambaye hakuwahi kunijali wala kunisogelea. Nilisimama na kitambaa mkononi. Niliona haya mbele ya kenge. Ningeweza kumjazia bakuli hapo hapo, jikoni ni hatua sita. Badala yake nilimrudisha kizimbani kwa sababu mteja alikuwa anabisha hodi.

Watu husema kenge hasikii mpaka damu imtoke masikioni. Nyumbani kwetu asiyesikia hakuwa kenge.

Binti alikuwa akipiga simu ya picha kila Jumapili mchana. Jumapili iliyofuata baba yake alisimama karibu na kizimba, taa ikimmulika usoni, akisimulia habari za bomba lake. "Anakunywa kuliko mimi," alisema, na aliamini, maana bomba lilikuwa na maji. Mimi ndiye niliyeshika simu, na picha ilionyesha uso wa Kavu na kichwa cha kenge tu. Binti aliangalia, kisha akaniuliza mimi badala ya baba yake.

"Mama, macho yake mbona kama yamezama? Hebu mfinye shingoni. Ngozi inarudi?"

Niliingiza mkono, nikamfinya. Ngozi ilibaki imesimama kama pindo lililopigwa pasi.

"Inarudi, mwanangu," nikasema. "Yuko salama."

Siku tisa baadaye Mwenyekiti alishindwa kuinua kifua. Kavu alidhani ni baridi, akaishusha taa ya joto karibu zaidi, na mimi nikamtazama akiishusha. Ilipofika saa nne asubuhi nilikuwa nimeshona mkono wa shati kwenye tundu la shingo. Nililiweka shati chini. Nikamfunga kenge kwenye kitambaa cha sare ambacho kilikuwa hakijakatwa, nikampigia mume wangu simu kazini, na tukakutana kwa daktari wa mifugo.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, amezoea zaidi ng'ombe na mbwa, lakini alimshika vizuri. Alimfungua mdomo, mate yakavutika kama gundi. Alitazama vidole, ambavyo ngozi ya zamani ilikuwa imevibana kama uzi uliokazwa, viwili vimekwisha kuwa vyeusi. Akauliza choo chake kikoje. Nilimwambia ni cha njano na kigumu. Hakuna aliyeniuliza nimejuaje kuwa hilo ni jambo la kuangaliwa.

"Huyu ana kiu," daktari akasema.

Mume wangu alicheka. "Daktari, mimi ni fundi bomba."

"Vizuri. Basi wewe ndiye utakayeniambia maji yake yako wapi."

Kavu alieleza: bomba kutoka jikoni, chuchu nne, mteremko, tundu la kutolea uchafu. Alianza kwa sauti yake ya kawaida, na kadiri alivyoeleza ndivyo sauti ilivyopungua, kwa sababu daktari alikuwa amesimama na bomba la sindano mkononi, anamsikiliza tu. Alipofika kwenye kuziba ile iliyokuwa inavuja alinyamaza katikati ya sentensi. Niliona imemwingia. Shingo yake yote ilibadilika rangi.

"Hamkuachiwa maelekezo?" daktari akauliza, akimchoma kenge sindano ya maji chini ya ngozi.

"Tuliachiwa," mume wangu akasema. "Mwanangu aliandika. Sisi hatukusoma."

Alisema "sisi". Alinijumuisha ili nisijione nimetengwa, kumbe alikuwa ananipa mahali pa kujificha, nami nikaingia na kufunga mlango. Natamani ardhi ingepasuka inimeze siku ile, lakini ardhi haina huruma na watu kama mimi. Nikamshikia daktari mkia.

Aliporudi nyumbani Kavu hakula. Alichukua patasi akabandua vigae vyake kimoja kimoja, akarudisha udongo, ndoo kumi na nane, akaulowesha kwa mikono mpaka ukashikana kwenye ngumi. Alileta beseni. Asubuhi na jioni alimwogesha kenge kwenye maji ya vuguvugu yanayofika mabegani, dakika ishirini, kiganja chake kikiwa chini ya kidevu cha mnyama ili asizame. Alimsemesha. "Mwenyekiti, nisamehe. Mwenyekiti, kunywa, mzee wangu." Mwanamume huyo hajawahi kuniomba radhi mimi tangu tuoane. Mtaani watu walikwisha kupata habari, na fundi mmoja alimpigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara, "Kavu! Umemkausha mpaka kenge!" Zamani angelijibu hilo mpaka jioni. Aliinamisha kichwa akapita.

Nami nilipasha maji. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, kupasha maji na kunyamaza. Kila nilipomletea sufuria alisema, "Asante, mama watoto, wewe ndiye uliyemwokoa, mimi ningemwua kabisa." Kila asante ilinichoma. Usiniulize kwa nini sikusema basi. Kadiri siku zilivyopita ndivyo kusema kulivyozidi kuwa kugumu, maana sasa nilikuwa na makosa mawili, la kwanza na la kulificha.

Mwenyekiti alipata nafuu, akala yai, akachimba. Tulifurahi kama wajinga. Lakini daktari alikuwa ametuonya kwamba figo zikishaharibika kwa kiu, maji hayazirudishi. Wiki ya sita alikataa kula. Siku ya nne ya kukataa alikufa ndani ya beseni, kidevu juu ya kiganja cha mume wangu. Kavu alibaki mikono ndani ya maji hayo mpaka yakapoa. Kisha akampigia binti, ambaye mpaka hapo alijua tu kwamba mnyama anaumwa, na kumweleza yote, bila kujitetea hata kwa neno moja: vigae, chuchu, uvujaji, karatasi ambazo hakuzisoma. Mimi nilikuwa jikoni, bomba limefunguliwa, najitia naosha sufuria.

Binti alirudi mwezi uliofuata. Nilikuwa nimejiandaa kwa makelele, kwa milango kupigwa. Hakupiga kelele. Alikaa sakafuni mbele ya kizimba, akashika udongo uliokuwa bado na unyevu, maana baba yake alikuwa anaendelea kuunyunyizia bila sababu yoyote. Kavu alikuwa amekaa kwenye kiti, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri hukumu isomwe.

"Baba, usijitese," binti akasema. "Hukujua. Mimi ndiye mwenye kosa. Mambo kama yale hayaandikwi kwenye makaratasi na kuachwa. Ningekaa nikakueleza kwa mdomo, Mwenyekiti angekuwa hai. Nimemwua mwenyewe kwa haraka zangu."

Akaanza kulia. Baba yake akamwambia hapana, mwanangu, hapana, na yeye akaendelea kusema ni yeye. Walikuwa wananyang'anyana kosa mbele yangu, watu wawili wasio na hatia kubwa, na mimi nimekaa kwenye cherehani na pini tatu mdomoni. Nilizitoa pini moja moja.

"Mimi nilizisoma," nikasema.

Binti akageuka. "Ulisoma nini, Mama?"

"Karatasi zako. Zote nne. Wiki ile ile uliyoondoka. Nilizificha kwenye droo hii."

Alinitazama. Macho yake yalikuwa yanahesabu Jumapili zote zilizopita.

"Kwa hiyo nilipokuuliza kama ngozi inarudi..."

"Haikurudi. Nilikudanganya, mwanangu. Nilimwona ana kiu tangu baba yako alipoziba ile chuchu. Nilitaka umwondoe hapa nyumbani. Nilichoka naye."

Sikuongeza samahani. Ingekuwa ni kuomba kitu, na sikuwa na haki ya kuomba. Binti alipangusa udongo mikononi, akainuka, akaenda chumbani kwake. Aliufunga mlango polepole sana, kama tunavyofanya tukiwa na mgonjwa ndani.

Nikabaki na mume wangu. Hakunitazama. Alikuwa anaangalia ukuta, pale palipokuwa na doa, na nilingoja aniite majina yote anayowaita mafundi wenzake. Ningeyapokea yote.

"Ungeniambia tu," akasema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Ningenuna, unanijua. Ningesema mtoto hawezi kunifundisha maji. Ningekupa mgongo mezani. Halafu jioni ningelirudisha beseni."

Nilimwambia najua. Ndiyo, nilijua. Nimeolewa naye miaka ishirini na tisa, na hajawahi kununa kupita jioni.